Dakika Nne za Mhadhara: Tulipofundisha Mtandaoni Wakati wa Korona

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Machi 20. Baada ya wiki chache nilikuwa nimeketi jikoni, laptopu juu ya sufuria iliyofudikizwa ili kamera inilenge usoni, nikifundisha ngeli za Kiswahili mbele ya visanduku vyeusi thelathini na kitu. Hakuna aliyewasha kamera. Haukuwa utovu wa adabu, kamera hula bando.

Wanaousifu mpango ule husema uliokoa muhula, nami siwapingi moja kwa moja. Kuanzia Aprili 6 hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi. Wanafunzi wengi walikuwa wamesharudi kwao, na njia nyingine ya kuwafikia hatukuwa nayo. Tanzania ilivifunga vyuo katikati ya Machi ikavifungua Juni 1, na vingi vilisubiri tu, kisha vikafidia vipindi. Kwa somo la nadharia kama langu, naona sisi tulipata nafuu. Kwa mwalimu wa kemia, aliyebaki akieleza kwa mdomo jaribio lisiloonekana, bora hata kungoja.

Faida nyingine sikuitarajia. Mhadhara uliorekodiwa husikilizwa saa tano usiku na mtu aliyeshinda dukani. Tena kuna binti ambaye mwaka mzima hakuwahi kuinua mkono darasani. Mtandaoni alianza kuniandikia maswali marefu, makali, mengine yakinilaza macho.

Lakini ukiuliza gharama ilimwangukia nani, sifa hizo hupungua. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, ilipatana na kampuni za simu wanafunzi wauziwe bando kwa bei nafuu. Jambo jema, ila bando pasipo mtandao ni sawa na tiketi ya basi lisilopita kwenu. (Julai mwaka huo maputo ya Loon, kampuni dada ya Google, yalipaa kurusha intaneti maeneo ya Bonde la Ufa, Januari 2021 wenyewe wakatangaza kuufunga mradi.) Mhadhiri naye alinunua bando lake, akatumia stima yake na meza yake. Wa vibarua, anayelipwa kwa saa alizofundisha, hakulipwa kwa usiku wa kupakia video iliyokwama asilimia tisini.

Hata hivyo, wanaolalamikia mtandao peke yake wananiacha njiani. Tuseme kila mtu angekuwa na intaneti ya kasi: bado ningekuwa nafundisha gizani. Darasani mimi husoma nyuso. Kalamu zikisimama zote kwa pamoja, najua mfano wangu umepotea njia, narudi nyuma. Mtandaoni niliuliza, "Tumeelewana?" nikajibiwa na vidole gumba vitatu, na mpaka leo sijui wale wengine walikuwa wapi. Mafunzo tuliyopewa yalihusu vitufe: bonyeza hapa, pakia pale. Namna ya kumjua aliyeachwa nyuma usipomwona, hilo halikuguswa.

Kijana mmoja alikuwa akiingia kutoka kwenye mashine ya kusaga unga, pahali pekee kijijini kwao simu iliposhika mtandao. Akifungua maikrofoni, mngurumo ulitumeza sote. Siku moja niliuliza kwa nini twasema "kiboko mkubwa" wala si "kiboko kikubwa". Mashine ilinyamaza, nadhani alimwomba mwenyewe aizime, akaeleza kwa sentensi tatu jinsi uhai wa mnyama unavyolishinda umbo la neno. Kisha akapotea. Mfumo wa mahudhurio ulimhesabia dakika nne kati ya mia moja na ishirini, ukamwandika hakuwepo. Nilifuta, nikaandika alikuwepo.