Samaki wa Kenai ni wetu, na uchafu wa Kenai ni wetu pia

Kila mwaka, kuanzia tarehe 10 hadi 31 Julai, mlango wa Mto Kenai hapa Alaska hujaa watu waliosimama majini hadi kifuani, kila mmoja ameshika mpini mrefu wenye wavu mpana mbele yake. Wanawangoja samoni wekundu wanaotoka baharini kurudi kutaga kwenye mito na maziwa walikozaliwa. Msomaji aliyekulia Kigoma, Uvira au Kalemie hahitaji kuelezwa sana, maana huu ni ndugu mkubwa wa lusenga, isipokuwa hapa huvui usiku kwa taa, na mdomo wa wavu unaweza kufika futi 5. Unauzamisha mdomo ukielekea baharini, samoni anayepanda mto anajiingiza mwenyewe, nawe unarudi kinyumenyume ukiuburuta hadi mchangani.

Naupenda uvuvi huu na nataka wajukuu zangu waukute. Ndiyo maana nakosa subira na namna tunavyoutetea. Msimu ukikaribia, maneno yetu yote ni kuwalaumu wavuvi wa biashara: wamekula samaki wote baharini, idara ya uvuvi ya jimbo inawapendelea, mwananchi wa kawaida hana mtetezi. Mengine katika hayo yana ukweli. Lakini kwa maoni yangu, mtetezi mkubwa kuliko wote ni yule anayejaza kibali chake cha kuvua kwa ukweli na kuondoka ufukweni bila kuacha kitu nyuma. Huyo akikosekana, hotuba zetu zote hazina miguu.

Sheria inauita uvuvi wa matumizi ya nyumbani. Samaki huuzi wala hubadilishani kwa kitu kingine. Unakula na kugawia watu. Tena haki hii haiulizi pasipoti. Inamtaka mkazi wa Alaska, yaani mtu aliyekaa jimboni miezi 12 mfululizo kwa nia ya kubaki na asiyedai ukazi mahali pengine, awe na leseni ya uvuvi na kibali cha kaya. Mkimbizi aliyetoka kambi ya Nyarugusu, akaletwa Anchorage na kumaliza mwaka wake, ana haki sawasawa na mtu ambaye babu yake alizaliwa hapa. Mkuu wa kaya anaruhusiwa samoni 25 kwa mwaka, na kila mwanakaya anaongeza 10. Familia ya watu 6 inapata 75. Anayejua bei ya samaki madukani hapa Anchorage, na anayejua urefu wa baridi yetu, anaelewa friza iliyojaa samoni mwezi wa Agosti ina maana gani kwa mama mwenye watoto wanne.

Haki hii ina historia, na tunapaswa kuijua sisi tulioikuta tayari. Kabla Alaska haijawa jimbo mwaka 1959, kampuni za kusindika samaki, nyingi zikiwa na makao Seattle na San Francisco, zilijenga mitego mikubwa ya kudumu kandokando ya pwani. Ilikamata samoni usiku na mchana, na faida ikaondoka na meli. Samaki walipungua vibaya mno, hata mwaka 1953 Rais Eisenhower akatangaza hali ya maafa kwa vijiji vya wavuvi wa Alaska. Watu walioandika katiba ya jimbo walikuwa na uchungu huo moyoni. Katika ibara ya 8 waliandika kwamba samaki, wanyamapori na maji katika hali yao ya asili vimetengwa kwa ajili ya watu wote wavitumie kwa pamoja, na hapohapo, katika kifungu kinachofuata, wakaandika kwamba vitumike kwa kiwango kinachoruhusu viendelee kuzaliana. Mitego ikapigwa marufuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bodi ya Uvuvi, inayotunga kanuni za uvuvi za jimbo, ikaanzisha kundi hili la matumizi ya nyumbani, kwa ajili ya wakazi ambao hawakuingia katika uvuvi wa kujikimu wa vijijini wala hawana boti za biashara.

Kifungu cha kwanza kila mtu ufukweni anakijua. Cha pili hakitajwi sana.

Tuanze na mchanga. Mji wa Kenai una watu wapatao 7,000 tu. Julai wanapokelewa wageni wa maelfu ya kaya, wengi kutoka huku Anchorage, karibu kilomita 250 kwa barabara, wakiwa na mahema, magari, madeli ya barafu, watoto na mbwa. Mwaka 2011 nyavu za mpini zilitoa zaidi ya samoni wekundu nusu milioni katika Mto Kenai peke yake. Sasa fikiria vichwa na matumbo ya samaki wote hao. Bahari ya Cook Inlet, ghuba ambamo Kenai humwaga maji yake, hupanda na kushuka kwa mita kadhaa, kwa hiyo ulichotupa maji yakipwa utakikuta kimerudishwa yakijaa, kimeoza, na shakwe wamekizunguka. Mji umelazimika kuweka vyoo, mapipa, tozo za maegesho, uzio wa kulinda majani yanayoshikilia matuta ya mchanga, na matrekta ya kukwangua mabaki ya samaki ufukweni. Mwenyeji wa Kenai anayefungua dirisha asubuhi na kukutana na harufu hiyo, ukimwambia uvuvi huu ni haki ya kikatiba atakusikiliza kwa sikio gani?

Mimi naona samaki asipasuliwe ufukweni kabisa. Mpige rungu, mkate mashavu damu itoke, mtie kwenye barafu, kazi ya kumpasua ukaifanye nyumbani. Kwa sisi Waafrika hili lisiwe gumu hata kidogo. Tumelelewa na supu ya kichwa cha samaki, na kichwa cha samoni kina nyama na mafuta kuliko vichwa vingi tulivyovijua. Mayai yake yanaliwa. Mifupa ya mgongo ukiichemsha inatoa mchuzi mzuri. Kinachoachwa Kenai kama taka ni chakula, na familia zetu zinaweza kuwa mfano kwa hili bila kufundishwa na mtu.

Kanuni zinapofuatwa, mto hujibu. Mwaka 2006 Mto Kenai uliwekwa kwenye orodha ya mito iliyochafuka, kwa sababu ya petroli iliyokuwa ikivuja kutoka injini za boti za zamani. Injini hizo zikazuiwa, watu wakalalamika gharama, na mwaka 2010 mto ukatolewa kwenye orodha. Miaka minne tu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni samoni mfalme. Huyu ndiye mkubwa wa jamii yake, na mto huu ndio uliotoa yule wa rekodi ya dunia mwaka 1985, mwenye zaidi ya kilo 44. Leo wamebaki wachache, na sisi wenye nyavu za mpini haturuhusiwi kumchukua. Akiingia wavuni lazima arudishwe majini mara moja. Mwaka 2023 familia zinazovua kibiashara kwa nyavu za kutega kwenye ufukwe wa mashariki wa Cook Inlet zilifungiwa msimu mzima ili kumwokoa samoni mfalme, ilhali sisi tuliendelea kuvua wekundu. Hebu jiweke mahali pao. Nyavu zako ziko stoo, mkopo unakudai, na unamwona mtu wa mjini anamburuta samoni mfalme mchangani, anamnyanyua apigwe picha, ndipo anamrudisha akiwa nusu mfu. Samaki huyo atolewe kwenye wavu akiwa bado ndani ya maji, kwa mikono miwili, bila picha. Ukiona mwenzako anafanya vinginevyo, mwambie. Kwa heshima, lakini mwambie.

Na asiwepo wa kudhani kufungwa ni vitisho tu. Mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni mfalme wa Mto Yukon kwa miaka saba, na vijiji vilivyoishi kwa samaki huyo tangu enzi vimebaki na mabanda matupu ya kukaushia. Mwaka huohuo Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wenye ndugu Kigoma wanajua mezani kulikuwaje.

Nirudi kwenye kibali, maana hapa ndipo nina maneno mengi zaidi. Kanuni inakutaka uandike samaki uliowapata kabla hujawaficha kwenye deli au kuondoka ulipovulia, na ukate ncha zote mbili za mkia wa kila samoni. Mkia ulio na alama unasema samaki huyu ni wa nyumbani, asionekane sokoni. Kisha, kufikia tarehe 15 Agosti, unatuma taarifa ya msimu mzima, hata kama hukuvua, hata kama ulipata sifuri. Usipotuma, mwaka unaofuata hupati kibali.

Wengi wanaona hii ni karatasi ya kusumbua watu. Idara ya uvuvi huhesabu samoni wanaopanda Kenai kwa sona, yaani chombo kinachotambua samaki majini kwa mawimbi ya sauti, iliyowekwa maili 19 kutoka baharini. Lakini sisi tunavua chini yake, mlangoni, kabla sona haijawaona. Tulichotoa hapo kinajulikana kwa taarifa zetu tu. Ukiandika pungufu, wataalamu wanapanga msimu unaofuata kwa hesabu yenye tundu. Halafu kuna hili ambalo watetezi wetu hawalisemi vya kutosha: siku Bodi ya Uvuvi ikiuliza uvuvi huu unalisha nani, jibu letu litatoka kwenye fomu hizo. Mvuvi wa biashara ana risiti za kiwandani kwa kila kilo aliyouza. Sisi risiti yetu ni kibali.

Bungeni Juneau, mji mkuu wa jimbo, umepelekwa muswada zaidi ya mara moja ukitaka kwamba samoni wakipungua, uvuvi wa nyumbani uwe mbele ya ule wa biashara na ule wa burudani. Haukupita. Mimi nauunga mkono, kwa sharti. Chakula cha mkazi kitangulie mauzo ya nje, hilo nalikubali bila kusita. Lakini uvuvi wa kujikimu wa wenyeji ubaki juu yetu, na uandikwe hivyo bila mafumbo. Tazama Mto Copper. Samoni wake hukutana kwanza na boti za biashara mlangoni mwa mto, upande wa Cordova, kisha nyavu zetu za mpini kule Chitina, ndipo waliosalia hufika kwenye magurudumu ya kuvulia, yanayozungushwa na mkondo wa mto, ya Waahtna, wenyeji wa asili wa mto huu, na wakazi wengine huko juu. Waahtna walivua mto huu kwa nyavu za mpini kabla ya reli ya shaba, kabla ya barabara, kabla ya jimbo. Tunapita kandokando ya ardhi yao kwenda kuvua, na tukizidisha, wanaokosa ni wao. Mwaka 2018 samoni wa Copper walipokuwa wachache, uvuvi wetu Chitina ulisimamishwa katikati ya msimu, na watu wengi walikasirika. Mimi nasema ilikuwa haki. Anayedai atangulie mbele ya biashara hawezi kukataa kusimama nyuma ya mwenye mto.

Hoja kama hizi zina mahali pa kusemewa. Bodi ya Uvuvi ina wajumbe saba wanaoteuliwa na gavana, na hupitia kanuni za kila eneo kwa mzunguko wa miaka mitatu. Mtu yeyote anaweza kuandika pendekezo, na mtu yeyote anaweza kusimama mbele yao akatoa ushuhuda. Zipo pia kamati za ushauri za maeneo, ikiwemo ya Anchorage, ambazo vikao vyake viko wazi. Wavuvi wa Chitina wana chama chao cha muda mrefu. Huko utawakuta wanasheria, wenye boti, waongoza watalii. Nataka nimkute pia baba wa Kikongo anayefanya kazi ya usiku, aeleze kwa Kiingereza chake alichonacho kwamba samoni 75 ndio mboga ya watoto wake hadi Machi.

Na sisi kwa sisi tuna kazi. Samaki wa kibali haendi dukani, haendi mgahawani, hauzwi kanisani baada ya ibada hata kama fedha ni za harambee. Mgawie jirani bure. Shemeji aliyekuja kutembea kutoka Texas au Minnesota asishike wavu wako, hata kwa dakika moja. Abebe maji na chakula, akae na watoto. Mzee aliyefikisha miaka 65 asiyeweza kusimama kwenye mkondo ana njia halali: mkazi mwingine anaweza kuvua kwa niaba yake kwa kujaza fomu ya uwakilishi. Wazee wetu wengi wamejifungia kwenye vyumba vya ghorofa hapa mjini bila kujua kwamba wana samoni 25 wanaowangoja. Vijana wenye suruali za mpira na magari, tafuteni wazee hao mwezi wa Juni, kabla ya pilikapilika kuanza.

Kwa waliofika hivi karibuni na bado hawajaweza kusoma kijitabu cha kanuni, napendekeza tukutane kabla ya msimu, kijitabu kikiwa mezani, tukisome kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa: mipaka ya kuvulia, saa za kufungua na kufunga, ukubwa wa matundu ya wavu, mkia, tarehe 15 Agosti. Mimi nitakuja na kijitabu changu na mkasi. Atakayekuwa na ukumbi aniandikie.