Udongo feki wa mwezi na vipimo vya joto, tuviamini au tuviache?

Ubishi wa huu udongo wa kuigiza wa mwezi hauishi, wengine wanasema kupima jinsi unavyopitisha joto ni kupoteza muda, wengine wanasema bila huo hakuna roboti wala jengo litakalodumu kule. Mi naona wote wana hoja ila wanabishania kitu ambacho siyo.

Wanaoutetea wana sababu nzito: safari zote za Apollo za Wamarekani zilirudi na kilo 382 tu za mawe na udongo, na hakuna atakayekupa ndoo nzima ukachomechome mpaka iyeyuke. JSC-1A, mmoja wa hizi udongo feki, ni jivu la volkano la Arizona, Marekani, ukiharibu unamwaga unachota mwingine.

Upande wa pili nao hawajakosea. Jivu la duniani halina zile chembe ndogo mno za chuma zilizozaliwa na vimondo vidogo na upepo wa jua, kwa hiyo anayetaka kuyeyusha udongo kwa maikrowevu atapata majibu tofauti kabisa.

Ila kwenye kupitisha joto, mchawi mkubwa ni hewa jamani. Udongo uleule, kopo lilelile, ukipima mezani hewa iliyojaa katikati ya punje inabeba joto, halafu ukinyonya hewa yote namba ya kupitisha joto inashuka mara 10 na zaidi maana sasa joto linapita kwenye vile vijisehemu vidogo punje zinapogusana, na mionzi kidogo. Hapo bado hujautikisa, ukiushindilia namba inapanda tena! Mwezini tabaka la juu lipo karibu na wati 0.001 kwa mita kwa kelvini, ndo maana ikweta mchana inafika nyuzi 120 usiku inashuka chini ya -170, wakati mita moja chini ni kama -20 muda wote.

Na kusema tutegemee vipimo vya kulekule pia ni ndoto kidogo, waya wa kipimo cha joto cha Apollo 16 ulikatika mwanaanga John Young alipojikwaa, tukabaki na Apollo 15 na 17, hadi chombo cha India, Chandrayaan-3, mwaka 2023 kikachomeka kijiti cha kupima joto sentimita 10 tu. Kwa hiyo feki tutaitumia tu, kulinganisha vifaa inafaa sana, ila ripoti isiyotaja hewa ilibaki kiasi gani na udongo ulishindiliwa vipi mi naipita.