Kuchora Watu Mji wa Kale: Uombe Kwanza au Uchore Kimyakimya?

Msafiri anayeingia Mji wa Kale, Mombasa, na kitabu cha kuchorea ana la kuamua mapema: amwombe mtu kabla ya kumchora, au achore kimyakimya?

Wa kimyakimya wana hoja nzito. Ukimwomba muuza kahawa, papo hapo huweka dele, birika lake la kahawa, chini, akanyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Ulichokitaka kimepotea: mgongo ulioinama, mkono mmoja na kikombe, mwingine ukimimina. Asipojua, hurudia mikao ileile mitatu minne siku nzima. Basi anza michoro mitatu kwenye ukurasa mmoja. Akiinama endeleza wa kuinama, akiinuka rukia mwingine. Hamali anayesukuma mkokoteni hakupi nafasi hiyo. Piga kwanza mstari mmoja kutoka kisigino hadi bega. Wanaoanzia usoni huishia na kichwa kizuri cha mtu asiyesukuma chochote.

Wa kuomba nao hawasemi ovyo. Vichochoro ni vyembamba. Mita 2 kutoka barazani, kutazama ni kukodoa macho. Wapo Waislamu wasiopenda kiumbe chenye roho kichorwe, na aliyejifunika buibui amekwisha kukwambia asichotaka kionwe. Kwenye kivuko cha Likoni, ambako kupiga picha kumekatazwa, usitegemee askari atatofautisha kalamu na kamera. Huko usichore kabisa.

Kinachoamua, kwa maoni yetu, ni ukubwa. Mtu wa sentimita 3 kwenye karatasi ya A5 hana uso. Ni kofia, kanzu na kivuli. Huyo haombwi. Akizidi hapo, mwamkie, umwombe, na akikataa funga kitabu. Akikubali, usianze naye: chora mlango na baraza kwa dakika 10. Atachoka kujinyoosha, arudie kahawa yake, na mkao uliouogopea utarudi wenyewe.

Ukichora umekaa barazani, macho yako yako karibu usawa wa vifua vya waliosimama. Basi mstari wa upeo, yaani usawa wa macho yako kwenye karatasi, uwapite vifuani wote, wa karibu na wa mbali. Ukisahau, wa mbali huelea hewani. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, jasho lisilambe wino. Rangi ya maji, kwa unyevu wa pwani, hukawia kukauka na kurasa hushikana. Usiharakishe kumwonyesha mwenye sura yake, atataka kuigusa.