Quito si mji wa kulala usiku mmoja

Mgeni anayekwenda visiwa vya Galápagos mara nyingi hufika Quito, mji mkuu wa Ekuador, jioni, hulala, na alfajiri amerudi uwanja wa ndege. Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, na riziki yangu ni kutembeza wageni, kwa hiyo hali hiyo naijua kama kiganja changu. Mtu ametoka Serengeti, analala Shangani usiku mmoja, asubuhi gari limeshawasha linamngoja kumpeleka Nungwi. Ndiyo maana nilipojaliwa kukaa Quito siku kumi, sikuweza kuutazama mji ule kama mtalii. Kila nilipopita nilikuwa napiga hesabu: nani anapata nini hapa, na nani ameachwa nje?

Hesabu ya kwanza ilinishangaza. Mwaka 1978, UNESCO ilipotoa orodha yake ya kwanza ya Urithi wa Dunia, maeneo yalikuwa 12 tu ulimwengu mzima. Ekuador peke yake ilikuwa na mawili, Galápagos na Quito. Mji Mkongwe wetu uliingia miaka 22 baadaye. Leo kimoja katika vitu hivyo viwili ndicho watu wanachokifuata kwa ndege kutoka kila bara, na cha pili, mji mkuu wenyewe, kimekuwa kitanda cha kupumzikia njiani.

Halafu mgeni huyo wa usiku mmoja hauoni hata huo mji. Quito iko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani kama mimi siku ya kwanza kichwa kinagonga na ngazi kumi zinakutoa pumzi. Mwili unaanza kuzoea siku ya pili au ya tatu, wakati mwenzetu ameshaondoka na hukumu yake kwamba Quito ni baridi na inachosha. Na kama alipata nusu siku, walimpeleka kwenye mnara wa Mitad del Mundo kupiga picha juu ya mstari wa ikweta. Mstari wenyewe uko kama mita 240 pembeni ya pale ulipochorwa. Sina ugomvi na mnara, lakini mstari huohuo unapita Nanyuki, Kenya, na Kayabwe, Uganda. Kanisa la La Compañía, lililoanza kujengwa 1605 likamalizika 1765, kuta na dari zake za ndani zikiwa zimefunikwa kwa dhahabu, liko Quito tu.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Quito ikipunguza bei mambo yatanyooka. Ekuador haina sarafu yake. Machi 1999 serikali ilizuia akiba za watu kwenye mabenki, na tarehe 9 Januari 2000 Rais Jamil Mahuad akatangaza kwamba nchi inahamia dola ya Marekani, kwa kiwango cha sucre 25,000, fedha yao ya zamani, kwa dola moja. Hazikupita wiki mbili akapinduliwa, lakini dola ikabaki. Mtu aliyeweka akiba ya maisha yake alijikuta ameshika fedha isiyotosha chochote, na malaki ya watu waliondoka kwenda Hispania, Italia na Marekani. Ukikaa na mzee wa Quito, ndani ya nusu saa atakuwa amekutajia mwaka 1999. Wengi wameikumbatia dola pamoja na maumivu yake, na baada ya kuwasikiliza nawaelewa. Sokoni utarudishiwa chenji ya sarafu za dola moja za rangi ya dhahabu, zenye picha ya mama wa wenyeji wa asili wa Marekani amebeba mtoto mgongoni. Wamarekani wenyewe huzitumia kwa nadra. Quito zinazunguka kutwa.

Ila dola ina sharti lake. Sisi shilingi ikishuka tunalia kwenye mafuta na ngano, lakini mgeni huona Zanzibar imekuwa rahisi. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilifikia kama 160 kwa dola, na mwenye shamba la maua Naivasha, anayelipa vibarua kwa shilingi na kuuza nje kwa fedha za kigeni, alipata nafuu fulani. Mshindani wake ni mkulima wa waridi wa Cayambe, kaskazini ya Quito, ambaye mishahara yake ni dola na mauzo yake ni dola. Yeye hana nafuu hiyo. Mwenye hoteli wa Quito yuko kwenye kiatu hichohicho. Peso ya Kolombia ikianguka, Bogotá inakuwa rahisi bila mtu kufanya lolote, naye mwenye hoteli ili ashuke bei lazima akate mshahara au apunguze watu.

Na miaka hii imekuwa migumu kwelikweli. Agosti 2023 mgombea urais Fernando Villavicencio alipigwa risasi akitoka mkutanoni, palepale Quito. Januari 2024 watu wenye silaha waliivamia studio ya televisheni katika mji wa bandari wa Guayaquil matangazo yakiwa hewani, na Rais Daniel Noboa akatangaza kwamba nchi iko katika vita vya ndani dhidi ya magenge. Mwaka huohuo ukaja ukame, mabwawa ya umeme yakakauka, na kuna siku umeme ulikatwa kwa saa 14. Guayaquil iko mbali na Quito, lakini mgeni aliye Ulaya haangalii ramani. Husikia jina la nchi, anaghairi safari. Sisi wa Afrika Mashariki tumeonja hilo: Mombasa ikitikisika, simu za kughairi zinalia Unguja.

Mji usioweza kushusha bei, na usioweza kuzima habari za magenge, umebakiwa na silaha moja, nayo ni uhai wake wenyewe. Na hapo ndipo ninapoona wakuu wa Quito, wa vyama vyote, wamekosea kwa miaka mingi.

Tetemeko la ardhi la 1987 liliumiza sana majengo ya mji wa kale, na kazi ya kuyaokoa iliyofuata nakiri ni kubwa. Natamani nyumba zetu zinazoporomoka zingepata nusu yake. Mwaka 2003 ikaja zamu ya barabara. Wachuuzi kwa maelfu, ambao kwa miongo walikuwa wamejaza njia za eneo la Ipiales, waliondolewa wakaingizwa kwenye majengo ya biashara. Uamuzi ule ulikuwa na faida zake. Barabara zilipitika, wizi ulipungua, na waliopata vibanda walipata mlango wa kufunga jioni. Lakini wateja wa mchuuzi ni miguu ya wapita njia, na ukimpandisha ghorofani miguu ile haimfuati. Wakazi nao wamekuwa wakipungua. Mwaka 1990 mji wa kale ulikuwa na watu kama 58,000. Sensa ya 2010 ilikuta kama 40,000. Nilipita saa mbili usiku kwenye barabara nzuri mno, taa zimewekwa kwa ustadi ukutani, na hakukuwa na dirisha hata moja linalonukia chakula. Nilihuzunika, maana nilikuwa naona baadhi ya vichochoro vyetu vya Unguja vitakavyokuwa.

Nyumba ikigeuzwa hoteli, mkazi anahama, duka la mkate linafungwa kwa kukosa wateja, shule inapungukiwa watoto, na usiku barabara inakosa macho. Barabara isiyo na macho ndiyo anayoiogopa mgeni. Kwa hiyo ningekuwa na sauti Quito, fedha ya matangazo ningeihamishia kwenye kusaidia kodi ya pango la nyumba za mji wa kale, ili fundi, mwalimu na muuza mboga waweze kukaa palepale.

Wameshaonyesha kwamba wanaweza kumtanguliza mkazi. Metro, yaani treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa kwa abiria Desemba 2023 ina kilomita 22 na vituo 15, nauli senti 45, na kituo kimoja kiko San Francisco, katikati ya mji wa kale. Haikujengwa kwa ajili ya watalii, na ndiyo sababu naisifu. Mama anayetoka Quitumbe, kusini ya mji, na kapu lake anashuka mahali palepale ninaposhuka mimi na kamera. Agosti 2023 wapiga kura wa Quito waliulizwa kama machimbo ya madini yaruhusiwe katika misitu ya Chocó Andino, kaskazini magharibi ya mji, na zaidi ya theluthi mbili walikataa. Huko Pacto na Nanegalito kuna ndege ambao watu huvuka bahari kuja kuwaona, na Mindo ya jirani inaishi kwa ndege hao. Mji mkuu wa nchi yenye shida ya fedha ulikataa dhahabu kwa kura. Hilo lilistahili kutangazwa kuliko mnara wa ikweta.

Siku yangu ya mwisho nilinunua espumilla kwa mama mmoja karibu na Plaza Grande. Ni ute wa mayai uliopigwa na mapera na sukari, unawekwa kwenye koni kama aiskrimu ila hauyeyuki. Aliniita "veci", yaani jirani, kama wanavyoitana wauzaji na wanunuzi wote wa Quito. Nilimlipa kwa sarafu ile ya mama na mtoto. Akanitazama, akachota tena kidogo akaongeza juu, akasema "yapa". Neno ni la Kikichwa, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes. Kwetu Darajani tunasema nyongeza.