Mruko una bei, mwondoko je?

Juni ikiingia na baridi ya Mbeya kushika kasi, kibanda cha fundi simu pale Soweto hujaa watu kila jioni. Tunafuata jiko la mkaa, na tunafuata kioo kikubwa alichokitundika ukutani. Mpira ukimalizika hakizimwi. Unafuata mchezo wa kuteleza kwenye barafu, upande wa wanaume, na hapo ndipo ubishi unapowaka. Barafu tunayoijua wengi wetu ni ile ya alfajiri juu ya majani kule Kitulo. Lakini kubishania ngoma tumekua nako, na mchezo huu, ukiutazama vizuri, ni ngoma ya mtu mmoja juu ya visu viwili.

Mpwa wangu, anayejifunza ufundi hapo kibandani, ni shabiki wa Ilia Malinin wa Marekani. Septemba 2022, akiwa na miaka 17, Malinin alikuwa wa kwanza duniani kukamilisha akseli, aina ya mruko, ya mizunguko minne kwenye mashindano. Kwa kweli ni minne na nusu, kwa sababu akseli huanza mtu akiwa ametazama mbele. Mimi nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, na wangu ni Jason Brown, Mmarekani pia.

"Mjomba, huyo wako anacheza tu," ananiambia. "Wangu anaruka."

Hilo "tu" ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Ubishi huu haukuanzia Soweto. Mwaka 2010 kwenye Olimpiki ya Vancouver, Evan Lysacek wa Marekani alichukua dhahabu kwa pointi 257.67 bila kuruka hata mruko mmoja wa mizunguko minne. Evgeni Plushenko wa Urusi, aliyeuruka, alibaki na fedha kwa 256.36, na hakuficha hasira yake. Baada ya hapo bei ya miruko mikubwa, yaani pointi unazolipwa kwa kuiruka, ilipandishwa. Miaka 12 baadaye, Beijing, mizani ilikuwa imelalia upande wa pili: Nathan Chen alitwaa dhahabu kwa 332.60 akiwa na miruko mingi ya mizunguko minne, na Brown, bila hata mmoja, akawa wa sita kwa 281.24. Kuwa wa sita katika Olimpiki ukiwa umeacha silaha kubwa nyumbani ni heshima. Ila pengo la pointi 51 hakuna wimbo wa kuliziba.

Tupige hesabu, maana hapo ndipo penye kiini. Lutsi, aina nyingine ya mruko, ikiwa ya mizunguko mitatu ina bei ya pointi 5.90, ya minne ni 11.50, na akseli ya minne ni 12.50. Kila mshindani huteleza programu mbili, fupi kisha ndefu. Sasa tazama ule mfululizo wa miondoko huru katika programu ndefu, pale ambapo mtelezaji anaachiwa uwanja mzima azungumze na muziki: bei yake ya kuanzia ni 3.00. Mtu akikamilisha mizunguko minne ya lutsi hewani kisha akaanguka, anapoteza nusu ya bei, anakatwa pointi moja ya kuanguka, na bado anaondoka na 4.75. Yaani kuanguka chini kunalipa zaidi ya bei ya kuanzia ya kucheza vizuri ukiwa umesimama. Alama za usanii zipo, ndiyo. Tangu 2022 zimekuwa tatu: utungaji, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, kila moja ikihesabiwa juu ya 10. Lakini zote pamoja, katika programu mbili, hata zikiisha kuzidishwa kadiri kanuni inavyotaka, haziwezi kuvuka 150. Miruko haina dari ya namna hiyo; ukiongeza mzunguko, unaongeza pointi.

Upande wa mpwa wangu, hata hivyo, una hoja nzito, na mimi ninayesimamia kwaya ndiye ninayepaswa kuielewa kuliko wote. Mizunguko inahesabika. Video inarudishwa nyuma, jicho linaona kama kisu kilimaliza mzunguko au hakikumaliza, na mtoto wa nchi isiyojulikana kwenye mchezo huu anapata pointi zilezile anazopata bingwa. Usanii hauna kipimo cha aina hiyo. Nimekaa kwenye mashindano ya kwaya ambako kwaya yenye jina ilipewa alama kabla haijafungua kinywa, na kwaya ya vijana waliotembea kwa miguu kutoka kijijini ikasifiwa kwa mdomo na kunyimwa kwenye karatasi. Uliniuma usiku huo, na unaniuma leo. Kwenye barafu nako waliungua: Olimpiki ya Salt Lake City 2002, katika mashindano ya wawili wawili, zilizuka tuhuma za majaji kupangiana kura, hadi ikatolewa dhahabu ya pili. Mfumo wa zamani, ambao alama yake ya juu ilikuwa 6.0, ulizikwa kwa sababu hiyo. Anayesema tuamini kinachohesabika ameona majeraha.

Liko pia jambo la fedha. Mpangaji wa miondoko mwenye jina, kama Shae-Lynn Bourne wa Kanada aliyempangia Yuzuru Hanyu wa Japani programu ya SEIMEI, hafikiwi na kila kijana. Mruko unaweza kuufanyia kazi mwenyewe hadi magoti yakatae.

Na Malinin si mashine ya kuruka. Ana msokoto wake alioubuni mwenyewe, mwili ukipinduka hewani ukiwa umelala, na akauita kwa jina la tunda la raspiberi, kwa kuwa kwa Kirusi tunda hilo ni malina, mzizi wa jina la ukoo wake. Msokoto ule haumo kwenye orodha ya bei ya miruko. Anaufanya kwa sababu unampendeza yeye na watu. Adam Siao Him Fa wa Ufaransa, ambaye wazazi wake wana asili ya Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, alifanya zaidi: mwaka 2024 kwenye mashindano ya dunia kule Montreal alipiga sarakasi ya kupinduka kinyumenyume ilipokuwa bado imepigwa marufuku, akakubali kukatwa pointi mbili. Alikuwa wa 19 baada ya programu fupi; alimaliza na shaba. Warukaji wenyewe, basi, wana kiu ya kitu ambacho orodha ya bei haikinunui.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa miruko. Inaenda kwenye kipengele kimoja cha kanuni. Juu ya bei yake, mruko unaweza kuongezewa alama za ubora hadi +5, na sifa zinazotazamwa ni sita: urefu na umbali, kuondoka na kutua vizuri, wepesi, hatua za kuingilia, umbo la mwili hewani, na ya sita, kuoana na muziki. Sifa tano zinatosha kufika +5, na tatu za kwanza ndizo za lazima kwa +4 na +5. Ina maana mruko unaweza kupata alama ya juu kabisa huku umetua katikati ya sauti ya mwimbaji kama mlango uliobamizwa wakati wa sala. Kanuni inaijua sifa hiyo, inaitaja, kisha inamruhusu mtu aipite.

Wenzetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa wana mganda. Ile ni ngoma iliyozaliwa na gwaride la askari wa kikoloni: wanaume wamevaa nadhifu, mistari imenyooka, hatua zinahesabiwa. Ufundi wake ni wa kijeshi kabisa. Lakini mchezaji akinyanyua goti nje ya mdundo, hata kama amelinyanyua juu kuliko wote, watazamaji wa kijiji wanamwona papo hapo, na hakuna mtu anayemwita anayekwenda na mdundo kwamba "anacheza tu".

Ningekuwa na sauti, ningetaka mambo mawili: kuoana na muziki kuwe lazima kwa +5, na majaji wa usanii wawe watu wengine, wasioshughulika na alama za miruko. Jaji aliyetoka kustaajabia lutsi ya mizunguko minne hawezi papo hapo kusikiliza vyema kilichofuata.

Wiki iliyopita nilimwomba mpwa wangu azime sauti. Tukamtazama Brown kwenye programu fupi ya Beijing, iliyopangwa na Rohene Ward kwa wimbo wa Sinnerman ulioimbwa na Nina Simone, ule wimbo wa kiroho wa Wamarekani Weusi kuhusu mwenye dhambi anayekimbia akitafuta pa kujificha. Sikumwambia unahusu nini. Alikaa kimya, mkono umeshika bisibisi, hadi mwisho.

"Mjomba, huyu anakimbia nini?" akauliza.

Nikamwambia awashe sauti, turudie.