Rudisheni fedha kwa anayejitolea, si kwa hati ya nyumba

Oktoba 2022, mto Goulburn ulipopanda hadi mita 12 hivi hapa Shepparton, Australia, nilikesha nikijaza mifuko ya mchanga pamoja na watu waliovaa ovaroli za rangi ya chungwa. Walikuwa wa SES, kikosi cha dharura cha jimbo la Victoria, nami niliamini wanalipwa mshahara. Kulipokucha, mmoja aliniomba radhi: anakwenda, ng'ombe wake hawajakamuliwa. Kumbe anajitolea tu, na leo nasema juu ya tozo inayogharamia vikosi vya watu kama yeye.

Kwetu Bukavu, Kongo, nyumba ya mtaa wa Kadutu ikishika moto, jirani ndiye anayekuja na ndoo. Kumbe na huku Australia vijijini ni jirani, ila huyu amefunzwa na ana gari. Vikosi vya CFA, shirika la zima moto la vijijini, navyo vinasimama kwa watu wa namna hiyo: mkulima, fundi, mwalimu. Simu ikilia usiku, wanainuka.

Moto wa Februari 7, 2009 uliua watu 173 Victoria. Tume iliyochunguza ilitaka tozo ya zima moto iondolewe kwenye bima, maana asiyekata bima hakuchangia kitu, na mwaka 2013 ikahamishiwa kwenye thamani ya ardhi na majengo. Hapo sina neno. Tangu Julai 1, 2025 tozo hiyo imepanuliwa, imepewa jina la mfuko wa huduma za dharura na wanaojitolea, na sasa inagharamia SES pia. Hilo nalo nalitaka. Watu walioniokolea mtaa wasilazimike kuchoma soseji na kuziuza sokoni ili wanunue vifaa.

Kinachoniuma ni nani anabebeshwa. Mkulima alikuwa analipa senti 28.7 kwa kila dola 1,000 za thamani ya shamba. Serikali ilitaka 83.1, bungeni ikashuka hadi 71.8. Shamba la dola milioni 3 lingetoka dola 861 hadi 2,154, bila kuhesabu ada isiyobadilika inayoongezwa juu yake. Na thamani ya shamba si pesa mfukoni. Mwaka 2025 ukame ulikuwa mkali, watu wananunua majani ya ng'ombe kwa mkopo, huku bili ya halmashauri, ambamo tozo hii hulipwa, ikisema shamba lao ni mali nyingi. Mei 2025 wakulima na wazima moto waliandamana hadi bungeni Melbourne, na vikosi kadhaa vikagoma, vikaegesha magari. Serikali ikasimamisha ongezeko la wakulima kwa mwaka wa fedha 2025-26. Kusimamisha si kufuta.

Wataniambia anayejitolea anarudishiwa. Ni kweli, lakini kwa mali moja tu, na sharti aombe mwenyewe. Mtu aliyeacha mavuno yake akazime moto wa mwenzake, anarudi nyumbani kujaza fomu.

Tena kuna jambo silisikii likisemwa. Marejesho hayo yanafuata hati ya nyumba, hayafuati kazi. Vijana wetu wengi hapa, Wakongo na Warundi, wanapanga. Kijana mpangaji akijiunga na SES, akakesha mafurikoni, hapati hata senti, kwa kuwa bili iko kwa jina la mwenye nyumba. Halafu tunauliza kwa nini vikosi vimejaa wazee! Kodi ya pango nayo ikipandishwa ili kufidia tozo, kijana huyo ameilipa bila jina lake kuandikwa popote.

CFA na SES wana orodha ya watu wao. Halmashauri zina orodha ya viwanja. Zikutanishwe kabla bili hazijatumwa, na anayejitolea aondolewe tozo bila yeye kuomba. Mpangaji apunguziwe ada ya usajili wa gari lake, maana ndilo analoliendesha usiku kwenda kituoni. Na kiwango cha mkulima kibaki 28.7 mpaka serikali ipate kipimo kinachotazama alichovuna, si thamani ya ardhi aliyorithi.