Kwa Kokoto za Dodoma, Nataka Rangi Ninayoweza Kuirudia

Niliing'oa ngao ya mbele ya Land Cruiser yangu nikaipeleka kupigwa rangi ya unga. Ilirudi nyeusi tii, laini, inang'aa. "Kaka, hii ndiyo imetoka, husumbuki tena," fundi aliniambia. Miezi minane baadaye nilikuwa nimechuchumaa mbele yake na kisu kidogo, nachokonoa kitundu kisichozidi punje ya mtama. Rangi ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa, kipande cha ukubwa wa kiganja kikabaki mkononi. Chini yake chuma chote kilikuwa na kutu. Ilikuwa imetambaa chini kwa chini, na juu pakionekana pazima kabisa.

Sisemi rangi ya unga ni mbaya. Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, unanasa kwenye chuma, kisha kifaa kinaingia kwenye oveni yenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na unga unayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Kwa geti la nyumba au kiti cha bustani sina ubishi. Lakini gari linalopita njia za vumbi kwenda Kwa Mtoro hupigwa kokoto kutwa nzima. Ngozi ile ikishapasuka, ukiigusa kwa brashi ni kiraka tu. Ukitaka irudi ilivyokuwa, ung'oe kifaa, ukikwangue chote, ukirudishe kwenye oveni. Nani atafanya hivyo kila baada ya safari?

Watu wengi hapa mjini huamini kutu ni shida ya Dar na Tanga. Ni kweli tuna nafuu: mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ila kokoto hufungua mlango kiangazi, na maji huingia masika. Halafu kuna Bahi. Udongo wa kule una chumvi, na tope lake likikauka kwenye kona za chasisi linabaki hapo likivuta unyevu usiku. Nikitoka Bahi naosha chini ya gari siku hiyohiyo, hata kama nimechoka vipi.

Kwa hiyo ngao, vikanyagio na bampa la nyuma sasa navipaka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya chini, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), na juu yake rangi ya poliurethani, nayo ya hadina. Epoksi hushika chuma vizuri sana lakini haivumilii jua. Ukiiacha wazi inapauka na kutoa vumbi jeupe, na jua letu mnalijua. Lazima ifunikwe. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba ikichubuka, naiweza mwenyewe nyumbani kwa msasa, tina na brashi ndogo.

Keria ni habari nyingine. Hiyo ningeichovya kwenye zinki iliyoyeyushwa, nyuzi kama 450. Zinki ina tabia ninayoipenda: ikikwaruzwa kidogo, yenyewe huliwa kwanza na chuma kilicho jirani kikasalimika. Ila kazi yote ya kuchomelea na kutoboa iishe kabla, na kila bomba liachwe na matundu. Bomba lililozibwa pande zote likizamishwa mle linaweza kupasuka na kuua mtu. Na msichomelee chuma chenye zinki bila kuikwangua kwanza mahali pale. Moshi wake huleta homa.

Kuhusu oili chafu chini ya gari, najua wengi wanaipaka na wazee wetu waliipaka. Mimi siipaki. Inafanya raba za bushi zivimbe na kulegea, na inadondoka ardhini kila unapoegesha. Ile lami nyeusi ya kupaka chini nayo, ikipakwa juu ya kutu, inaifunika tu iendelee kula chuma gizani.

Hapo ndipo ninapokasirika kwa dhati. Fundi mmoja aliwahi kuniwekea puti juu ya kutu, akapiga msasa, akapuliza rangi, nikalipa. Hakuna rangi duniani itakayoshika juu ya kutu inayobanduka, uwe umeinunua kwa bei gani. Kaa pale ukiona kazi ikifanyika. Chuma kikwanguliwe kwa grenda na brashi ya waya hadi king'ae, kipanguswe kwa tina hadi kitambaa kitoke safi, na praima ipakwe siku hiyohiyo. Muda mzuri hapa kwetu ni asubuhi, umande ukishakauka na upepo bado haujaamka. Mchana vumbi lote la Dodoma litatua kwenye rangi yako mbichi.

Ngao ile niliikwangua yote nikaipaka upya kwa mtindo huu. Juzi nimerudi kutoka Kwa Mtoro nayo, nimehesabu michubuko mitatu. Miwili imeishia kwenye praima. Wa tatu, karibu na taa ya kulia, umefika kwenye chuma, na kesho saa mbili asubuhi nitakuwa pale na msasa.